Baroni wa Tisa

Kaka yangu Ulick,

Najua bahasha imekushtua: "Baroni wa Tisa wa Kilcorran." Ndiyo, Baba alifariki Jumanne, na cheo sasa ni chako. Mvua nayo imeangusha paa la zizi la farasi.

Ulipomwoa binti wa mpishi wetu, Baba alikufukuza, akaniandikia mimi nyumba na mashamba. Lakini cheo, alisema, "hasira yangu haikigusi. Kinafuata damu."

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikizirudisha barua zako bila kuzifungua, nikidhani namtii. Jumatatu, huku nikimlisha uji, akaniuliza, "Sabina, hivi mrithi wangu huko Argentina hajawahi kuandika hata mara moja?"

Nikamjibu, "Bado, Baba."

Dada yako,
Sabina