Mwali Mmoja, Ngoma Mbili

Mke mwenzangu Tunu,

Marahaba. Hapa Morogoro tu wazima. Mume wetu, babu yako, bado anabishana na redio, nami nabishana naye.

Unaniuliza ipi ndiyo baleti ya kweli msimu huu huko ughaibuni, maana makundi mawili yanacheza jukwaani hadithi ile ile ya binti mmoja: ya kundi linalomuua mwishoni, au ya kundi linalomwacha aishi. Unasema hiyo ya pili huendi, wameiharibu. Umejuaje, nawe hujaiona?

Siku binamu yangu Sesilia alipotolewa mwali, mama yake na ndugu zake wa milimani walitaka ngoma yao ya taratibu. Ndugu wa baba, kutoka Kisaki, walitaka yao ya kasi. Waligombana hadi jua likawa kali, mwali bado yuko ndani. Mwishowe akasema kutoka nyuma ya mlango, “Miezi yote nimefungiwa humu, leo mninyime ngoma moja? Pigeni zote.”

Zikapigwa. Ile ya Kisaki ilipokwisha, mama yake, aliyeipinga kuliko wote, ndiye aliyeomba irudiwe.

Nenda ukazione zote mbili, kisha uniandikie unipinge vizuri.

Bibi yako