Makopa Yako ya Mwisho

Mama, shikamoo.

Nimezoea kuanza hivyo, na bado nasikiliza kama utaitikia.

Nipo Mnyambe, chumbani kwako. Ofisini Masasi wamenipa ruhusa kwa ajili ya arobaini yako. Paa limevuja juu ya kapu la makopa, ule muhogo uliomenya na kuuanika mwenyewe kabla hujazidiwa. Umeota ukungu. Mama mdogo anataka utwangwe, ugali wako wa mwisho uliwe na watu wote. Nilipomwambia ukungu ule una sumu, alicheka. "Karani, wewe! Dada alikuwa anakwangua, tunasonga, tunakula. Nani alikufa?"

Kisha akaziba mdomo.

Daktari alisema ini, Mama. Zaidi ya hapo hatujui, nami naogopa kusema nisichokijua.

Unakumbuka jaribio langu la baiolojia? Tuliambiwa tupime ukungu unavyokua, nikafungia kipande cha kopa kwenye chupa. Ulikionea huruma, ukakitoa, ukakikwangua na kukianika. Nikalia, ukanipa kingine. Likizo ilipoisha nikarudi bweni, ukapima wewe. Rula hukuijua. Kila asubuhi ulikata ukindu mwembamba, urefu wake sawa na upana wa ukungu ule, ukauchomeka ukutani. Nilipokuja ulinikabidhi kindu zote kwa mpangilio: "Mtoto wako huyo, amenenepa."

Safari hii nami nilichagua kopa moja, nikalikwangua, nikapima kwa ukindu kila asubuhi ukungu uliorudi. Leo nimezipanga mkekani mbele ya Mama mdogo. Unajua siwezi kubishana na mkubwa. Nilisema tu, "Mama mdogo, hivi ndivyo dada yako alivyopima."

Alizigusa moja moja, kuanzia fupi mpaka ndefu. Akachukua jembe.

Tumeyafukia makopa nyuma ya jiko. Nimelia kuliko siku ya mazishi, maana kila kipande kilipita mikononi mwako. Arobaini watu watakula ugali wa unga wa dukani. Utusamehe.

Pumzika, Mama. Paa nitaliziba. Muhogo ukikomaa nitakuja kumenya na Mama mdogo, tuuanike juu ya uchanja, mbali na udongo. Na kopa likiota ukungu nitasema, hata mbele ya mkubwa.

Mwanao,
Zuhura