Leseni kwa Namba ya Mzee Hamadi

Jumanne, 2 Septemba

Kompyuta imerudi kutoka kwa fundi wa Ukunda. Chumvi ya hewani ilikuwa imeila mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ameweka mwingine. Nikafagia chumba cha kurekodia, nikaning'iniza upya magodoro ukutani, nikachomeka spika. Hewa ya Bongwe leo imetulia. Nilitarajia siku ya kazi.

Programu imekataa kufunguka. Yasema haiijui kompyuta hii. Leseni yangu ni ya mashine moja, na kwa macho yao mashine hiyo ni ile iliyokuwa na ubao wa zamani.

Programu hii siimiliki. Naikodi mwezi kwa mwezi, pamoja na plagini zake, vile vijiprogramu vya ziada vya kusafisha na kunyoosha sauti, na ghala la mtandaoni ninamoweka rekodi kwa kuwa diski yangu ni ndogo. Niliiona kuwa njia ya busara. Sasa sina hakika kama ilikuwa busara au uvivu.

Ndani ya ghala mna nyimbo za harusi za akina mama wakulima wa mwani wa Kibuyuni. Bi Mejumaa anaongoza. Mumewe, Mzee Hamadi, anapuliza zumari. Mzee Hamadi alifariki mwezi uliopita. Hakuna rekodi nyingine ya zumari yake. Nakala sikuweka.


Jumatano, 3 Septemba

Jana niliwaandikia wenye programu. Jibu limekuja, nalo ni la mashine. Niende kwenye kompyuta ya zamani, niiachilie leseni, kisha niiwashe kwenye mpya. Kompyuta ya zamani ni hii hii. Ubao wake umo katika ndoo ya fundi pamoja na vyuma vingine.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: leseni isipothibitishwa kufikia mwisho wa mwezi, ghala litafutwa.

Nimesoma mara nne. Nimeogopa kwa namna ya kitoto.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimeshinda siku nzima nikilinganisha programu. Ipo moja ya bure, nzito kujifunza. Ipo nyingine inayonunuliwa mara moja tu, ikawa yako, bila kumpigia mtu hodi kila mwezi. Plagini zake za kunyoosha sauti ni dhaifu. Kwa nyimbo hizi zingenitesa: zumari haikutengenezwa kwa kipimo cha kinanda, na sauti za akina mama hupanda zinapopenda. Kazi ya miezi niliyoifanya ilikuwa kuvuta zumari na sauti zikutane.

Bi Mejumaa alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Hamadi we! Zumari yako imepelekwa chuo kikuu!" Mzee naye akasikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba imekuwa safi sana. Wakati ule nililichukua kuwa sifa.

Jioni kaja Mutua, fundi sauti wa hoteli moja ya Diani, mtu wa bara, kurudisha stendi ya maikrofoni. Kanikuta nimejishika kichwa.

"Madam, we unateseka bure. Niko na kraki ya hiyo kitu kwa flashi. Inaingia fiti, haiulizi leseni."

Nikamuuliza kama kraki hiyo inaweza kufungua ghala.

"Ghala ni la wenyewe. Hapo sasa ni wewe na Mungu wako."

Nikaikataa. Nikamwambia kwamba siwezi kudai haki ya wasanii asubuhi na jioni nikatumia programu ya wizi. Kaniangalia, kacheka, kaenda zake. Lakini mpangilio wa maneno yangu ulikuwa huu: kwanza niliuliza kama inafaa, ndipo nikakumbuka kwamba ni haramu. Kama ingefaa, sijui.


Jumatatu, 8 Septemba

Leo ameandika binadamu. Mpole. Anaweza kuiachilia leseni yeye mwenyewe, kwa sharti nithibitishe akaunti ni yangu. Namba za uthibitisho zitatumwa kwenye simu iliyosajiliwa.

Simu iliyosajiliwa ni ya Mzee Hamadi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Akaunti niliifungulia Kibuyuni, barazani kwake, siku ya kwanza ya kurekodi. Laini yangu haikushika mtandao, yake ilishika. Akanipa namba bila kuuliza ya nini. Kikundi kizima kiliitumia namba hiyo. Mnunuzi wa mwani aliipigia, zahanati iliipigia, walimu wa shule waliipigia wakitafuta wazazi wa watoto wasio wake. Simu ilikuwa na chaji daima na mwenyewe alikuwa nyumbani. Hakuna kati yetu aliyeiona kuwa simu ya mtu mmoja anayeweza kufa.

Nimeandika kueleza kwamba mwenye namba amefariki. Wamenipa pole. Kisha wamesema kubadilisha namba kunahitaji mwenye namba athibitishe.


Jumanne, 9 Septemba

Simu iko ndani kwa Bi Mejumaa. Bi Mejumaa yuko katika eda. Hatoki, hajipambi, haimbi. Amevaa nyeupe na amekaa na msiba wake kama dini na ada zinavyotaka, na mimi nitakwenda kumwomba afungue simu ya marehemu kwa ajili ya leseni ya kompyuta.

Najaribu kulitazama jambo kwa haki. Upande mmoja, ni pumzi ya mumewe iliyomo humo, na itafutwa. Upande wa pili, yeye hajaniomba nimwokolee chochote. Haraka hii ni ya nani? Naiita yake. Huenda ni yangu. Huenda namtetea marehemu, huenda nalinda kazi yangu ya miezi.

Nimempigia Bi Saumu, mwenyekiti wa kikundi. Kaguna kwa muda. Kisha: "Njoo. Lakini usiingie na hilo neno mdomoni. Kaa kwanza. Mtu haombwi kitu akiwa hajakuona umekaa."


Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda. Nimechukua sukari na majani ya chai.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa. Kaa huku kwenye mkeka, huko kuna joto."

Amekonda. Sauti yake ya kuzungumza imekuwa ya chini, kama mtu aliye chumba cha pili. Walikuwapo wanawake wanne, Bi Saumu akiwamo, wakila vitumbua, wakimcheka mmoja wao aliyeteleza mwanini na kurudi nyumbani na kiatu kimoja. Bi Mejumaa akatabasamu. Simu niliiona, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa.

Nilikaa. Nikaendelea kukaa. Kila nilipojiandaa kusema, sentensi ilikuja na neno leseni ndani yake, na neno hilo halikuwa na mahali pa kukaa katika chumba kile. Nikaaga.

Njiani Bi Saumu alinivaa. "Watoka Bongwe mpaka Kibuyuni kuja kula vitumbua? Usomi wote huo, na mdomo umekwama!"

"Uliniambia nikae kwanza."

"Nilikwambia ukae, sikukwambia ulale!"

Nimejidharau njia nzima. Wala sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa woga. Kwa nje vinafanana.


Jumamosi, 13 Septemba

Nimepakua ile programu ya kununua mara moja. Siku za majaribio wanatoa kwa ukarimu. Ni nzuri. Haina urembo. Faili zake huziandika wazi, programu yoyote yaweza kuzisoma. Nimejirekodi mimi mwenyewe ili niipime, na nimeichukia sauti yangu kama kawaida.

Nimeamua kuhamia huku, vyovyote itakavyokuwa. Uamuzi sahihi, nadhani. Haukunipa furaha. Ni nyumba mpya, na wenyewe bado wamefungiwa katika ile ya zamani.


Jumatatu, 15 Septemba

Simu imeita nikiwa jikoni. Kwenye kioo: MZEE HAMADI ZUMARI. Mwiko uliniponyoka.

"Usiogope, ni mimi," Bi Mejumaa akasema. "Saumu kaniambia. Mbona hukusema mwenyewe?"

Nikasema nilistahi.

"Umenistahi mpaka ukataka kumpoteza mume wangu mara ya pili?"

Nikazima jiko. Yeye akaendelea kwa sauti ile ya chini. Watu hao walete namba zao, atanisomea. Mwanawe wa kike atakuja keshokutwa kumfungulia ujumbe. Lakini ana mambo mawili. La kwanza, zikipatikana nyimbo nisimpigie azisikie, sio sasa. La pili anataka ile zumari aliyoipuliza Hamadi. "Ile iliyosoma chuo kikuu, hapana. Ile simjui aliyeipiga."

Nikaanza kumweleza. Kwamba zumari na sauti zao zilikuwa zikipishana, kwamba msikilizaji wa mbali ataona kasoro. Nikajisikia nikimweleza mjane jinsi mumewe alivyopaswa kupuliza. Nikakata maneno.

"Twapishana tangu unioe? Ndiyo," akasema, si kwangu, kwa marehemu.


Jumatano, 17 Septemba

Kwanza ilishindikana. Namba hudumu dakika chache tu, na mtandao ulikatika Bi Mejumaa akiwa katikati ya kusoma. Mara ya pili nilizikosea mimi. Nikaomba nyingine. Mara ya tatu akasoma polepole, moja moja, kama anavyomsomea karani uzito wa magunia ya mwani, na kila namba akasubiri niirudie.

Leseni imeachiliwa. Ghala limefunguka.

Nikamshukuru. Akasema ndani ya simu mna ujumbe mwingi ambao haujafunguliwa. Watu waliopata habari za msiba na hawakuwa na namba nyingine ya familia wamemwandikia pole Hamadi mwenyewe. Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, baada ya kukata simu.


Ijumaa, 19 Septemba

Siku mbili za kupakua. Umeme ulipotea mara mbili, bando likaisha nikaongeza. Vyote vimefika. Nimeweka nakala kwenye diski mbili, moja nitampelekea dada yangu Msambweni aiweke kwake. Nimefunga akaunti ya kukodi. Waliniuliza sababu za kuondoka, nichague moja kati ya tano. Yangu haikuwamo.


Jumapili, 21 Septemba

Plagini ya kunyoosha haihami. Kwa hiyo zumari iliyonyooshwa ninayo kama faili lililokamilika tu, na zumari ghafi ninayo kama alivyoipuliza. Nimezisikiliza kwa zamu tangu asubuhi.

Ukweli wa kitaaluma: iliyonyooshwa ni bora. Inakaa na sauti, haimchoshi msikilizaji. Sijabadili maoni hayo kwa sababu ya huzuni, na nawashuku watu wanaobadili maoni yao kwa sababu hiyo.

Ukweli mwingine: katika ile ghafi, Bi Mejumaa anapofika mwisho wa ubeti, zumari huchelewa, juu kidogo ya sauti yake, inamngoja ashuke. Anashuka. Inamfuata. Hufanya hivyo kila ubeti. Nilidhani ni kosa la pumzi ya mzee, nikalirekebisha ubeti baada ya ubeti, kwa uangalifu mkubwa.

Pengine ni kosa la pumzi kweli. Siwezi kumwuliza.

Nimepanga upya wimbo wote katika programu mpya, kwa zumari ghafi. Iliyonyooshwa nimeifuta, na nakala yake pia. Mkono ulisita kwenye nakala. Kumtii mwenye haki ni jambo moja, kuharibu kazi njema ni jingine, na leo nimefanya yote mawili kwa kitufe kimoja. Sijui kama nitajuta.


Alhamisi, 25 Septemba

Kibuyuni. Nimempa Bi Mejumaa flashi ndani ya bahasha. Hakuuliza kitu. Amefungua kasha, akaiweka pamoja na zumari yenyewe, iliyoviringwa kanga, akafunga. Akasema baada ya eda, tukijaaliwa.

Wenzake walikuwa wamemletea kamba na mbegu za mwani azifunge akiwa kivulini, kwa kuwa yeye hawezi kushuka baharini. Nikaketi nimsaidie. Mafundo yangu yalilegea, mbegu zikadondoka. Akayafungua, akayafunga upya, akanirudishia kamba.

Tulifanya kazi muda mrefu. Upepo ulikuwa mwepesi, kuku walichakura uani. Kisha nikamsikia, ndani ya koo tu, midomo imefumbwa: mwisho wa ule ubeti. Aliushika pale juu, mahali zumari ilipokuwa ikimngoja, akangoja yeye. Akashuka.

Akakaza fundo la mwisho. Akanyoosha mkono nimpe kamba nyingine.