Injini Uliyosema Nisiiguse

Kaka Mwadime,

Kuna mlio mmoja uliobaki nami tangu utotoni. Baba alipomaliza kusafisha kabureta ya injini ya mashua, aliuvuta waya wa mafuta kwa vidole hadi mwisho, kisha akauachia. Ndani, kile kipande cha shaba tulichokiita kizibo kilisukumwa na springi yake, kikashuka na kugota chini. Tak. Baba aliinamisha kichwa, akarudia mara tatu, halafu akatutazama sisi wawili tuliochuchumaa kando ya gunia. "Imekubali," alisema. Wewe ulicheka, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo alivyosema kuhusu ugali ulioiva.

Miaka mitatu sikuusikia. Injini ilisimama chumba cha nyuma, hapa Sagalla, imefungwa kwenye kigogo alichokichonga baba mwenyewe, imefunikwa shuka lake la maua. Majirani hawajaacha kutucheka: watu wanaohesabu mitungi ya maji, na nyumbani wana injini ya mashua. Unakumbuka baba alivyokuwa akirudi nayo kutoka Jipe kila ziwa lilipofungwa kwa wavuvi, ameibeba begani kama mtoto aliyelala. Kuijaribu kulihitaji pipa zima la maji, na mama aliyajua maji yale mtungi kwa mtungi. Moshi wa injini uliyachafua hata mbuzi wakayakataa. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kama ziwa lote la Jipe halikutosha. Baba alimwomba dakika mbili tu. Wewe ulinituma nilete saa ya ukutani, nami niliikumbatia mbele ya mama ili aone hatuibi.

Na unakumbuka sheria ya baba. Injini isizimwe kwa kitufe siku ya kuihifadhi. Funga bomba la petroli, iache inywe iliyobaki mpaka inyamaze yenyewe.

Mara ya mwisho uliizima kwa kitufe. Bodaboda alikuwa anapiga honi barabarani, ulikuwa unaenda Voi kufuatilia pasipoti. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pumzi zake fupi. Alisema haidhuru, atamalizia kesho. Kesho hiyo hakuweza kuamka, na baada ya siku tisa tulimzika. Hili nimeliandika mara moja na sitalirudia. Nalitaja kwa sababu petroli ilibaki ndani.

Siku ya kumaliza matanga wewe ulikuwa umekwisha kupanda ndege. Baba mdogo alisimama akasema chombo cha kazi cha marehemu hushikwa kwanza na kifungua mimba wa kiume, kama baba alivyolishika jembe la babu, na mpaka hapo kikae. Hakuna aliyebisha. Tukaipita injini kwa heshima. Mama alipangusa vumbi juu ya shuka bila kukigusa chuma. Mimi nilisoma kemia miaka minne, kaka. Nilijua petroli iliyosahauliwa hugeuka gundi. Nilisimama darasani nikawafundisha watoto wa watu jinsi mafuta yanavyoharibika, kisha nikarudi nyumbani nikalala ukuta mmoja na yale yaliyokuwa yanaganda. Dakika kumi za kuifungua na kuimwaga zingetosha. Tuliiheshimu mpaka ikakwama.

Mwezi uliopita Mama Halima alikuja. Amepanda mlima kutoka Voi, na kabla ya hapo ametoka Jipe alfajiri, na bado chai aliikataa mpaka aseme lililomleta. Unajua mapatano yake na baba: mashua yake, injini yetu, samaki nusu kwa nusu. Alikaa kwenye kiti cha baba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asikikalie.

"Mwanangu," aliniambia, "mashua yangu imekuwa kitanda cha kiboko. Ndugu yako yuaja lini?"

Mama akajibu Desemba. Mama Halima akauliza Desemba ya mwaka gani. Mama alicheka, na kile kicheko kikakatika katikati. Ndipo mgeni wetu akaeleza kwa upole kwamba watu wa ng'ambo ya ziwa wanaitaka mashua ile, naye kupiga kasia ndani ya matete hawezi tena, mabega yamekataa. Angesubiri mpaka mwisho wa mwezi. Asiposikia injini, atawapa.

Nilikuandikia siku ile ile. Ulinijibu kwa ujumbe wa sauti, mashine zikinguruma nyuma yako: "Wakesho, usiiguse. Nitakuja mwenyewe." Nilikusikiliza nikiuzunguka uwanja wa shule, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilisikia mtu aliyechoka. Nilisikia pia ile kesho ya baba. Wiki nzima sikuweza kukaa. Nilisahihisha karatasi nimesimama. Niliingia chumba cha nyuma, nikatoka, nikaingia tena. Mkono wangu ulijua mahali pa kushika, na ulikatazwa.

Jumatatu, baada ya masomo, nililivua shuka.

Boliti mbili zilizoishikilia kabureta zilikubali upesi. Bakuli la chini nililifungua nikakuta uji wa kahawia, unanuka kama rangi ya zamani. Kizibo kilikuwa kimeng'ang'ania mahali pake, hakipandi, hakishuki. Nikakimwagia mafuta ya taa, nikangoja. Hakuna. Nikachukua koleo nikavuta, nikavuta kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kizibo. Koleo likateleza likakwaruza shaba. Ule mkwaruzo upo, utauona. Nikakumbuka baba aliwahi kuninyang'anya bisibisi mkononi akasema, "Ukikasirika, weka chini." Nikaweka chini. Nikakaa sakafuni nikaanza kufikiri kama mtu aliyesoma: mwili wa kabureta si chuma kimoja na kizibo. Ukipata joto, utatanuka zaidi kuliko shaba iliyo ndani yake.

Nilipoinua kichwa mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Aliliangalia shuka lililokunjwa, akaiangalia injini iliyo wazi, akaiangalia mikono yangu. Nilitayarisha maneno mengi. Hayakuhitajika.

"Unataka sufuria gani?" aliniuliza.

Alinipa ile ya zamani ya maharagwe, akayapima maji mwenyewe kwa kikombe, akakamua ndimu tano bila kuambiwa, kama anavyofanya sufuria ikiungua. Tukaichemsha kabureta kama nyama ngumu. Nilikuwa naitoa kwa kitambaa, nakisukuma kizibo kwa ncha ya mpini wa mwiko kutoka chini, nageuza kidogo kushoto, kidogo kulia, narudisha jikoni. Jumatatu haikukubali. Jumanne haikukubali, na mama akauliza kama haijakataa kwa sababu yetu. Nilimwambia imekataa kwa sababu ya gundi. Jumatano, mara ya nne kuitoa, mwiko uliingia kiasi cha unene wa ukucha. Sikupiga kelele. Niliirudisha motoni. Safari iliyofuata kizibo kilitoka chote, kimevaa koti la kahawia, nikakiosha kwa petroli na mswaki mpaka kikang'aa.

Nikakirudisha, nikaweka springi, nikauvuta waya, nikauachia.

Tak.

Mama aliketi juu ya ndoo. Alisema nirudie. Nilirudia mara tatu, kisha mara nyingi ambazo sikuzihesabu, naye akilia bila kujifuta. Halafu akaenda kulijaza pipa, mtungi kwa mtungi, na hakuniuliza dakika ngapi.

Alhamisi nilimwendea baba mdogo, asije akasikia kwa wengine. Nilimwambia nimeishika, kwamba mimi ndiye wa kwanza, na kwamba nafasi uliyowekewa haipo tena. Aliuliza inawaka kwa mvuto wa ngapi wa kamba. Nikasema wa tatu. Akasema kwa marehemu ilikuwa inawaka wa nne.

Sikuandikii kukuaibisha. Chumba kile sasa kina nafasi kubwa kuliko nilivyotarajia, napita mlangoni pake na bado miguu yangu inataka kutembea kwa adabu. Nakukumbuka sana. Ningependa ungekuwepo ucheke neno la baba. Lakini nimegundua kwamba nilikuwa naichunga injini kana kwamba ikikaa kimya na wewe hujaondoka.

Jumamosi niliifunga kwenye gunia lake nikaipeleka Jipe. Mama Halima aliuliza nani aliyeishika kwanza. Nilipomjibu, alinionyesha nyuma ya mashua, mahali alipokaa baba, nikakaa. Tulipita katikati ya matete mpaka maji yakawa mapana, tukarudi. Ufukoni nilifunga bomba la petroli, nikaiacha inywe iliyobaki mpaka ikanyamaza yenyewe, na nikaiacha kwake.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Wakesho