Kanda Iliyokukata Pembeni

Mpendwa mke wangu, Mama Saumu,

Assalaam aleikum. Sijui kama huko uliko salamu hujibiwa. Hata hapa ulipokuwa jikoni ulinisikia ukanyamaza, kwa hiyo nimezoea.

Nakuandikia habari za kanda ya harusi ya binti yetu Saumu. Unakumbuka kamera zilikuwa mbili: ya Mutua, fundi wa video wa Ukunda, na ile ambayo Bakari, mtoto wa mdogo wako, aliazimwa na mgeni wa hoteli anakofanya kazi, Diani. Wewe zote ulizikimbia. Kila zilipogeuka ulikuwa pembeni na sinia la pilau, leso mdomoni. "Mpigeni bibi harusi," ukasema, "mie nina mafuta mpaka kwenye nyusi."

Tulipokwenda sote wawili kwa Mutua kutazama kazi, alikuwa amekwama.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Picha hizi si saizi moja. Yangu kama dirisha, ya Bakari pana kama mkeka. Kuziunga ni kazi."

Akatuonyesha kwenye kompyuta. Kwanza aliubana mkeka uingie dirishani, watu wote wakarefuka. Hata kaka yako, pipa lile, akawa mwembamba kama mwiko. Nilicheka mpaka ukanionea haya. Halafu akauacha na upana wake, pakatokea mistari miwili mieusi, mmoja juu na mmoja chini. Mwisho akakata pembeni. Kioo kikajaa, kikapendeza, ila wewe hukuwamo. Ulibaki kiganja na sinia.

"Mama ametoka," Mutua akasema polepole.

"Na akae huko huko," nikamjibu. "Tulilokuwa tukilitaka ni sinia."

Ukanifinya. Kisha ukamwambia, "Kata, mwanangu. Wakwe wakiona mistari hiyo watasema tumewapa kanda mbovu."

Akakata. Tukarudi Waa, ukinisema njia nzima.

Haukupita mwaka, homa ikakuchukua kwa siku tatu. Baada ya hitima ya arubaini, Saumu akaiweka ile kanda apate kukuona. Picha hukupenda kupigwa. Hatukuwa na nyingine inayotembea. Tukatazama mwanzo hadi mwisho. Nilijiona mimi katikati ya ua, nimeinama upande, nasema neno, nasikiliza, kisha nacheka nimeshika tumbo. Nacheka na nani? Na sinia la pilau.

"Baba," Saumu akauliza, "hapo ulikuwa ukisema na nani?"

Nikamwonyesha kile kiganja ukingoni mwa kioo. "Na mama yako."

Asubuhi nilikuwa Ukunda. Mutua akaniambia kanda ya Bakari alikwisha kuirudisha. Nikaenda Diani, nikasimama mlango wa nyuma wa hoteli pamoja na wauza samaki, mpaka Bakari akatoka na aproni yake.

"Baba mkubwa, umewahi. Jumamosi nilikuwa nirekodi mpira juu yake."

Nilitaka kumzaba kofi, nikamkumbatia. Alidhani nimerukwa na akili.

Mutua akaiunga upya, mara hii na mistari yake mieusi. "Mzee, watu watalalamika," akasema.

"Anayelalamika mlete Waa. Nitamkaanga."

Sasa umo, Mama Saumu. Uko ukingoni kabisa, mdogo, maana mkeka ukiingia dirishani hauna budi kupungua. Leso imekuteleza, pengo lako liko nje, unacheka. Nimekuinamia sikioni. Vigelegele vimefunika sauti, lakini nililokwambia nalijua: kwamba shehe anainusa pilau kuliko anavyoisoma dua. Kisha wewe unanijibu. Midomo inakwenda, mimi nashika tumbo.

Ulinijibu nini? Nimeirudisha kanda mpaka Saumu ananifichia rimoti. Langu nalikumbuka, lako nimelisahau. Miaka yote hiyo nilidhani mchekeshaji wa nyumba hii ni mimi.

Nisamehe lile neno la sinia. Kaburi lako na lijae nuru, na jibu lile uniwekee. Nikifika usinianzie na lawama. Nianzie na hilo.

Ni mimi mumeo,
Baba Saumu, niliyeachwa katikati ya picha