Nia ya Misa kwa Macho Yangu

Devo uko wapi? Nimeaibika mpaka nimejifungia stoo hapa steshenari.

Unakumbuka nilivyokuambia napofuka? Wiki mbili macho yanachoma, machozi yanatiririka, kichwa kinagonga. Nikajitangaza kwenye jumuiya, nikalia mbele ya watu. Cherehani yangu nikampa wifi, nikamwambia mimi tundu la sindano silioni tena. CHEREHANI, Devo!

Leo Pankrasi, yule fundi kompyuta, kaja kutengeneza printa. Kaitazama ile screen yetu ya zamani, ya chogo, akasema, "Dada Leticia, mbona hii inachezacheza? Unaikodolea hivi kutwa nzima?"

Nikamwambia tatizo si screen, ni macho yangu yanakufa.

Alicheka huyo! Kumbe Windows ilipowekwa upya, draiva, ile programu ya kuendesha kadi ya picha, haikuwekwa. Screen ikawa inawaka na kufifia mara sitini kwa sekunde, mimi nakaa nalia tu. Kaiweka draiva, kapandisha mpaka themanini na tano, screen ikatulia tuli. Nimesoma barua nzima bila chozi.

Akauliza, "Nani aliweka hii Windows?"

Nikasema simjui.

Ni mimi, Devo. Niliweka mwenyewe, wiki mbili zilizopita, nikajisifu mpaka sokoni.

Sasa Mama Benigna wa jumuiya ameshaandikisha nia ya misa Jumapili, niombewe macho. Jina langu litasomwa kanisa zima.

Na zamu ya kusoma nia ni ya Pankrasi.