Kitalu cha Watu Wote

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti lako limeacha visa vyake. Mimi sijambo kabisa, ila viganja vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu. Msalimie baba, umwambie sijarudi na wala sina mpango huo.

Najua unangoja kusikia kwamba shamba letu la watu sawa limevunjika. Nusura! Sheria yetu kuu unaijua: hakuna bosi, hakuna kupangiana kazi, kila mmoja afanye anachoona kinahitajika. Basi kitalu cha nyanya, tegemeo letu la mwaka mzima, kila mtu alikionea huruma. Seremala alikimwagilia alfajiri. Mwalimu akapita na ndoo yake, mpishi naye na yake, na jioni akaja yule tunayemwita Mrefu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kuuliza ni kukagua. Miche yote ikaoza, na mbuzi siku hizo hizo wakashinda na kiu.

Tulikutana ghalani. Mwalimu, aliyeanzisha ndoto hii, alisema kwa unyonge kwamba tumepungukiwa moyo. Seremala akapandisha sauti, akasema moyo tunao wa kumwaga, na ndio uliozamisha miche. Tulicheka, kisha tukahesabu akiba. Mbegu zilibaki za kusia mara moja tu. Kama na hizo zingeharibika, kila mtu angefungasha virago arudi kwao, na mimi nilijua ungenipokea kwa lile tabasamu lako.

Kesho yake nilisimama mlangoni pa ghala nikaanza: wewe maji, na ni wewe peke yako, wewe mbuzi, wewe acha hotuba, shika jembe. Mwalimu alinitazama kama niliyemtukana, kisha akashika jembe. Miche mipya imesimama, mama, inapendeza ajabu.

Sasa habari yenyewe. Wamenifanya msimamizi, kwa sharti kwamba masufuria nioshe kama wengine, na nimekubali. Wameniuliza sauti ile ya kuamrisha watu nimeitoa wapi, nikajitia sisikii. Ni yako, mama. Ndiyo hasa niliyoikimbia nikaja huku, na asubuhi ile ilipotoka kinywani mwangu niliipenda mno.

Wape wote salamu zangu. Tukivuna, uje ukae nasi wiki nzima. Sikuombi, nakupangia.

Mwanao kitinda mimba